Barua ya wazi kwa viongozi wetu: kiwanja cha wazi cha mtaa kibaki bustani ya majirani

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na Afisa Mtendaji wake. Kwa Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Kwa Mkurugenzi wa Manispaa na maafisa wa mipango miji walio chini yake.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KWA MAANDISHI BUSTANI YA MTAA ILIYOPO KWENYE KIWANJA CHA WAZI

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa niaba ya kaya 41 za mtaa wetu, hapa jijini Dar es Salaam, ambazo tangu mwaka 2020 zimekuwa zikisafisha, kulima na kulinda kiwanja kilichopo kati ya ukuta wa shule ya msingi na njia inayoelekea kituo cha daladala. Barua mbili tulizowasilisha mwaka jana zilipokelewa vizuri na kugongwa muhuri, lakini mpaka leo hazijajibiwa. Hii ya tatu tumeamua kuiandika wazi, ili kila jirani asome tunachokiomba kwa jina lake, na ili wanaosikia habari zetu kwa watu wengine wazisikie kutoka kwetu wenyewe.

Ombi lenyewe ni fupi. Tunaomba mamlaka itamke kwa maandishi kwamba kiwanja hiki ni eneo la wazi la umma, kwamba hakiuzwi wala hakigawiwi kwa mtu binafsi, na kwamba majirani wanaokitunza wanaruhusiwa kuendelea kukitunza kwa masharti yatakayowekwa. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini ombi hilo sasa limekuwa la haraka.

Wanaokikumbuka kiwanja hiki kabla ya mwaka 2020 wanajua kilivyokuwa. Kwenye ramani ya mipango miji kimeandikwa kuwa eneo la wazi, lakini kwa macho ya mpita njia kilikuwa dampo. Gari la taka likichelewa wiki moja, mifuko ilirundikana. Likichelewa wiki mbili, watu waliwasha moto usiku, na asubuhi moshi ulikuwa bado umetanda madarasani. Masika yalipoingia, maji yalituama pale siku nyingi, yakanuka, na nyumba za jirani zikajaa mbu. Mwanzoni mwa mwaka huo, mama mmoja mjane anayeishi nyumba ya pembeni, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi, alianza peke yake kufagia kipande kilichokabili mlango wake, akatifua tuta lisilozidi urefu wa mkeka na kusia mchicha. Kutengeneza tuta la mboga alijifunza mwaka 1975, akiwa msichana kijijini kwao mkoani Morogoro, katika kundi la kusikiliza redio la kampeni ya Chakula ni Uhai. Alichotaka ni mboga ya jioni tu. Wiki ya nne alipokata mchicha wake wa kwanza, aligawa mafungu matatu kwa majirani, na Jumamosi iliyofuata majirani hao walifika na majembe.

Tulidhani kusafisha kungechukua Jumamosi mbili. Kulichukua miezi minne. Chini ya taka za juu kulikuwa na taka nyingine, tabaka juu ya tabaka: mifuko ya rambo, ambayo nchi yetu iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, ikiwa bado mizima na rangi zake; chini yake pampasi, soli za kandambili, chupa zilizovunjika, na betri za redio zilizopasuka na kuacha unga mweusi udongoni. Watoto tuliwakataza kuingia, na sisi wenyewe tulivaa mabuti ya kuazimana, kwa zamu, kwa kuwa jozi zilikuwa tano tu. Udongo wenyewe, ule mchanga wa kijivu tunaoujua watu wa pwani, tuliukuta kwenye kina cha goti. Tulitoa takataka za kujaza malori saba, na gharama ya malori hayo tuliichanga nyumba kwa nyumba.

Kuhusu betri hizo ninaomba niseme zaidi, kwa sababu ni jambo ambalo kiongozi makini angetuuliza. Sisi sote tunafahamu kwamba mboga za bonde la Msimbazi zimepimwa na watafiti mara nyingi na kukutwa na madini mazito kama risasi, kutokana na maji machafu ya viwanda na ya majumbani yanayomiminika mtoni. Hatukutaka kuwalisha watoto wetu sumu kwa jina la lishe bora. Kona iliyokuwa na betri nyingi hatukuilima chakula hata siku moja; tuliipanda miti ya kivuli na maua, na bado iko hivyo. Kwingineko tuliinua matuta juu ya usawa wa ardhi kwa udongo ulionunuliwa na mboji tuliyoitengeneza wenyewe kwa majani makavu, maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni. Kijana mmoja alipendekeza tumwagilie kwa maji ya mtaro kwa kuwa ni ya bure na hayakauki. Tulijadili, tukakataa, na uamuzi huo umeandikwa kwenye daftari letu ukurasa wa kwanza. Hata hivyo, udongo wetu haujawahi kupimwa maabara. Tungependa sana sampuli zipelekwe mahali panapoaminika, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro au kituo cha utafiti cha TARI Mlingano mkoani Tanga, na ikibainika kwamba tuta fulani halifai kwa chakula, tutaling'oa siku hiyo hiyo.

Makosa tuliyafanya pia. Msimu wa kwanza tulitandaza mbolea ya kuku mbichi, tuliyoipata bure kwenye banda la jirani, na ndani ya siku nne miche yote ya chainizi ilikuwa imekauka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Afisa ugani wa kata alikuja kutuona kwa nauli yake mwenyewe, akachukua kiganja cha mbolea ile, akatuonyesha jinsi ilivyokuwa na joto, akatufundisha kuiacha ioze kwa miezi kadhaa chini ya turubai kabla ya kuitumia. Tangu hapo hatujaunguza tuta. Alitufundisha pia kutwanga majani na mbegu za mwarobaini na kuviloweka usiku kucha kwa ajili ya vidukari na viwavi, na dawa za dukani tumeziacha kabisa, isipokuwa msimu mmoja ambapo kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, iliingia kwenye nyanya na kutushinda. Mwisho tuliamua kuacha nyanya badala ya kuongeza sumu.

Leo kiwanja kina matuta 36. Kuna mchicha, matembele, mnafu, majani ya maboga, bamia, nyanya chungu na figili, na kwenye ukuta wa shule kuna mipapai sita. Mchicha ndio mkombozi wetu, kwa kuwa ndani ya wiki tatu au nne tangu kusiwa huwa tayari umefika jikoni. Mbegu zake ni ndogo mno, na ukizimwaga kwa mkono mtupu zinaangukia mahali pamoja na kubanana. Bibi huzichanganya na mchanga mkavu kwenye bakuli, akapita akinyunyiza huku anarudi nyuma, na tuta huota sawasawa kama limechorwa. Sasa watoto wa darasa la nne wanajua kufanya hivyo, maana mwalimu wao huwaleta Alhamisi, na wapo watoto pale ambao kabla ya hapo hawakuwa wameona bamia ikiwa mtini.

Sitaki kuwaficha kwamba majirani hugombana. Mwaka wa pili kaya mbili zilitofautiana kuhusu mgao mpaka zikaacha kusalimiana, na wizi wa mboga za usiku ulitukatisha tamaa wengi. Tulikaa vikao vingi. Mwisho tulikubaliana kwamba kila kaya inayofanya zamu mbili kwa wiki ina mgao sawa, kwamba wazee na wagonjwa wa mtaa wanapewa bila kufanya zamu, kwamba ziada inauzwa na fedha yake inanunua maji na mbegu, na kwamba tuta moja lililo kando kabisa ya njia ni la yeyote mwenye shida, achume bila kuuliza. Tuliliita tuta la mpita njia. Wizi haukuisha siku hiyo, lakini ulipungua mpaka tukaacha kuuzungumzia. Daftari la zamu, la mapato na la matumizi linakaa kwa mweka hazina, na kiongozi yeyote anaweza kulisoma wakati wowote.

Kazi kubwa kuliko zote ni maji. Mwezi Januari na Februari, jua linapokuwa kali na mchanga haushiki unyevu, tuta moja linahitaji keni mbili asubuhi na mbili jioni. Keni yetu ni ya lita 10. Kwa matuta 36 hiyo ni lita 1,440 kwa siku, yaani madumu 72. Wazee wa msikiti ulio jirani walituruhusu kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa lao, na parokia ya upande wa pili wa barabara ilituazima toroli ambalo hawajaliulizia tena. Kwa michango ya miaka miwili tulinunua tenki la lita 5,000 ambalo likijaa linatutosha siku tatu na nusu. Mwishoni mwa mwaka 2022, ukame uliposhusha maji ya Mto Ruvu na jiji zima likaingia kwenye mgao, tulikubaliana kuacha matuta 20 yakauke ili tusishindane na ndoo za nyumbani. Matuta 16 yaliyobaki tuliyamwagilia kwa maji ya kufulia yaliyosuuziwa mara ya mwisho, na hatukukosa mboga hata wiki moja. Ninalitaja hili kwa sababu wapo waliosema kwamba bustani inanyang'anya watu maji, na daftari letu linaonyesha siku zote ambazo hatukuchota.

Sasa nifike kwenye tukio lililotufanya tuandike.

Mwezi Septemba uliopita, asubuhi ya siku ya kazi, watu watatu walifika na futi kamba. Walipima kuanzia ukuta wa shule hadi barabarani, wakapigilia vigingi sita, viwili vikiwa katikati ya matuta ya matembele, kisha mmoja wao akachora alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye tenki la maji. Hawakuonyesha barua wala kitambulisho. Walipoulizwa walijibu kwamba wametumwa, na kwamba hapo pangejengwa fremu za maduka. Bibi alikuwa akimwagilia. Alisimama na keni mkononi mpaka walipoondoka, kisha akaendelea na tuta alilokuwa amelifikia, akikizunguka kigingi kana kwamba ni mche. Vigingi hivyo bado vipo. Tumekubaliana tusiving'oe, kwa sababu hatujui ni vya nani, na hatutaki kikundi chetu kionekane kwamba kinapambana na mamlaka. Lakini kila zamu ya asubuhi inaanza kwa kuvitazama, na kaya nne zimeacha kulima tangu hapo, zikisema hazina sababu ya kurutubisha udongo utakaomwagiwa zege.

Tumeuliza ofisi ya mtaa, tukaelekezwa kata. Tumeuliza kata, tukaelekezwa manispaa. Na manispaa tuliambiwa turudi na barua ya mtaa. Simlaumu mtumishi yeyote aliyetupokea, kwa kuwa wote walitusikiliza kwa adabu. Ninachosema ni kwamba baada ya miezi yote hii hakuna aliyetamka kama fremu hizo ni mpango wa Serikali au ni mpango wa mtu, na kimya hicho kinamnufaisha mtu mmoja tu, yule anayesubiri watu wachoke.

Waheshimiwa, nyinyi mnajua kuliko sisi jinsi maeneo ya wazi yanavyopotea katika jiji hili. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mmoja anahitaji pa kulala, pa kufanyia biashara na pa kupita. Katika hali hiyo kiwanja ambacho hakina anayekitunza huonekana kuwa hakina mwenyewe. Huanza kwa kibanda cha turubai, kikafuata cha mabati, halafu msingi wa tofali, na siku mamlaka inapokuja kuuliza, kuna watu kumi wenye stakabadhi mkononi, wengine wakiwa wametapeliwa kweli. Viwanja vya wazi katika maeneo yaliyopimwa miaka ya 1970, kama Sinza na Kijitonyama chini ya mradi wa viwanja na huduma, viliwekwa na watu waliofikiri mbele. Walijua kwamba nyumba zikijaa, mtoto atahitaji pa kuchezea na maji ya mvua yatahitaji pa kuzama.

Hilo la maji si dogo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu jijini na kusababisha wakazi wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande, sote tulisikia kwamba ardhi iliyofunikwa kwa saruji na mabati haimezi maji, bali inayasukuma kwa walio chini. Kiwanja chetu kiko juu kidogo ya bonde. Kilipokuwa dampo maji yalituama juu ya plastiki. Tangu tulipoutifua mchanga na kuchimba makingo kati ya matuta, masika matano yamepita na maji hayakai kuvuka siku moja. Kikiwekwa sakafu ya zege na paa la fremu kumi na mbili, mvua ile ile itateremka hadi kwenye nyumba za walio chini yetu, ambao leo hata hawajui kwamba bustani hii inawakinga.

Tunafahamu hoja zinazotolewa dhidi ya kilimo cha mjini, na baadhi tunazikubali. Mazao marefu kama mahindi yanaficha wahalifu na yanapendwa na mbu, kwa hiyo hatulimi mahindi. Mifugo haipo. Hakuna ujenzi wa kudumu zaidi ya tenki na kibanda cha majembe, ambavyo vinaondolewa kwa siku moja. Wengine husema kwamba mji ni mji na shamba ni shamba, na kwamba matuta ya matembele yanaliaibisha jiji. Kwa hilo ninatofautiana nao kwa heshima zote. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribia mazao, na hakuna anayeiona kuwa aibu. Viwanja vya Mnazi Mmoja, ambavyo wakoloni waliviacha wazi ili kuitenga Kariakoo na maeneo yao, leo ni mahali pa watu wote kupumulia, na vimebaki wazi kwa sababu kila mtu anajua kwamba ni vya umma na angeshangaa kuona kigingi pale. Mwaka 1974, nchi ilipokumbwa na njaa, kauli ya Serikali ilikuwa Kilimo cha Kufa na Kupona, na wakazi wa mijini nao walihimizwa kulima. Kanuni za kilimo cha mijini zilizotungwa mwaka 1992 hazikukifuta kilimo hicho. Zilikiwekea mipaka, ikiwemo kwamba mtu mmoja asizidishe ekari tatu. Kiwanja chetu chote hakifikii nusu ekari, na kinagawanywa na kaya 41. Majirani zetu wa Nairobi walitunga mwaka 2015 sheria ya kaunti ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Si geni, basi, jambo tunaloliomba.

Wapo pia wanaohofia kwamba tukiruhusiwa leo, kesho tutadai umiliki. Hofu hiyo ni ya haki na ninaomba niijibu wazi wazi. Hatuombi hati. Hatuombi ofa. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kiwanja hiki kitabaki cha umma siku zote tutakapokuwa tukikilima. Tuko tayari kila mkuu wa kaya aweke sahihi mbele ya mtendaji kwamba hatadai fidia wala haki ya kumiliki. Shule ikihitaji madarasa, au wananchi wakihitaji zahanati, na jambo hilo likapita kwenye mkutano mkuu wa mtaa na kuonekana kwenye mpango wa manispaa, tutaomba tu tuvune kilichopo kisha tutatoa majembe yetu kusaidia kuchimba msingi. Tunachokikataa ni ardhi ya umma kugeuka ya mtu binafsi kwa futi kamba na rangi nyekundu. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Tumejaribu kutimiza wajibu wa ibara ya kwanza. Tunawaomba mtusaidie kwa ile ya pili.

Kwa hiyo tunaomba ofisi ya mipango miji ije na ramani yake, isimame kiwanjani mbele ya wananchi, na iseme vigingi vile ni vya nani. Kama ni vya Serikali, tuonyeshwe mpango. Kama si vya Serikali, ving'olewe na mamlaka yenyewe, na mahali pake pawekwe bango la manispaa linalosema kwamba hapa ni eneo la wazi. Bango la bati lenye maandishi ya rangi nyeusi linatosha, na bati tutalinunua sisi. Baada ya hapo tuandikiane makubaliano ya utunzaji, ya miaka mitano au hata mitatu, yenye masharti ya usafi, ya mazao yanayoruhusiwa na ya matumizi ya dawa, na mtendaji apewe nafasi ya kukagua kila msimu. Tunahitaji pia barua ya utambulisho kutoka mtaa ili tuweze kuomba kuunganishiwa maji kwa gharama zetu. Fedha za halmashauri hatuziombi. Tunajua ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na siku moja huenda vijana wetu wakaiomba kwa ajili ya vitalu vya miche, lakini kwa sasa hatutaki ombi hili lichanganywe na fedha.

Ninaomba mtambue vilevile kwamba kuchelewa kwenyewe ni jibu. Masika yanaanza mwezi Machi, na vitalu vya bamia na nyanya chungu vinapaswa kusiwa wiki ya mwisho ya Februari ili miche iwe tayari mvua zitakapotulia. Mbegu tumeshanunua. Za mchicha Bibi amezihifadhi mwenyewe, za msimu uliopita, kwenye chupa ya maji iliyofungwa vizuri na kuwekwa juu ya kabati lake, na kila tukikutana ananiuliza kama ofisi imejibu. Kaya 37 zilizobaki zinataka kujua kama zitandaze samadi au ziiache chini ya turubai. Tunawaomba jibu kabla ya tarehe 20 Februari, hata likiwa la kutuita kwenye kikao. Tutakuja na daftari, na ramani tuliyoichora kwa mkono, na picha za kiwanja kilivyokuwa.

Au njooni nyinyi. Zamu ya Jumamosi inaanza saa kumi na mbili asubuhi na huisha jua likikaribia kuwa kali, saa tatu. Chai huletwa saa mbili, na kuna benchi chini ya miti ya ile kona tusiyoilima.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi cha bustani,
kwa niaba ya wakazi wa mtaa